Sifa za Kabureta Kongwe

Washairi wa pwani yetu wamewasifu masultani, wakayasifu majahazi, wakausifu na mnazi kwa beti nyingi kuliko makuti yake. Walakini mpaka hivi leo hajatokea hata mmoja aliyeipa kabureta ya Land Rover kuukuu haki yake, ila mafundi, nao aghalabu huitaja kwa maneno ambayo mhariri mwenye haya hawezi kuyapiga chapa. Maadamu chombo hiki nimekitumikia kwa bidii kuliko kilivyonitumikia, naona ni insafu nisimame hadharani nikitangaze fadhila zake.

Sifa njema huanza na nasaba, na kabureta haikuokotwa jalalani. Mwaka 1893 Wahungaria wawili, Donát Bánki na János Csonka, waliandikisha mjini Budapest kabureta yao ya kurashia petroli, na mwaka uo huo Mjerumani Wilhelm Maybach alikuwa na ya kwake. Hivyo chombo hiki kina baba watatu ambao hawakushauriana katika malezi, jambo ambalo huenda likaeleza tabia yake. Baadaye Waingereza wa ukoo wa Skinner, ambao jamaa zao walikuwa wafanyaji biashara ya viatu, waliunda kabureta ya SU, na zile za mwanzo waliziwekea ndani mfuko wa ngozi. Sijui chombo kingine cha injini kinachoweza kudai ujamaa na makubadhi.

Kazi yake, kwa mtu wa kutazama juujuu, ni duni: kuchanganya petroli na hewa. Lakini na zizingatiwe kadiri zake. Kila uzani mmoja wa petroli hudai takriban uzani kumi na tano wa hewa, yaani lita moja ya petroli haitosheki ila kwa hewa ipatayo lita 9,000, na suluhu hiyo kabureta huitimiza bila umeme, bila karani wala daftari, kwa hila moja tu: hewa inapobanwa katika koo jembamba huongeza mwendo na kupunguza msukumo wake, na petroli, ikiona huko mbele msukumo umelegea, hupanda yenyewe katika tundu la jeti ikatawanyika kuwa ukungu. Mtaliani Giovanni Battista Venturi aliyaandika mambo haya mwaka 1797 alipokuwa akichunguza mwendo wa maji, wala hakuna dalili kwamba alimtakia mtu mabaya.

Fadhila kubwa kuliko zote ni kwamba kabureta huijua nchi. Gari la kisasa hutoka Dar es Salaam likapanda Kitonga mpaka Iringa bila kumwarifu mwenyewe kwamba amepanda. Kabureta haina usiri wa namna hiyo. Iliyosetiwa pwani ikifika Iringa, mahali palipoinuka kiasi cha mita 1,500, hukuta uzito wa hewa umepungua kwa sehemu moja katika saba hivi, na kwa ukarimu wake wa tabia haipunguzi petroli kwa kadiri ileile. Hapo moshi mweusi hutoka, plagi huvaa masizi, silensa huyumba, na abiria wote, hata yule aliyelala tangu Morogoro, hutambua kwamba wamewasili nchi za juu. Iseti upya huko, kisha uteremke nayo pwani, nayo italalamika kwa upande wa pili: njaa ya petroli, plagi nyeupe, na injini yenye homa. Jiografia ya shuleni imenitoka kichwani. Hii haitoki, maana ada yake hulipwa kila siku katika kituo cha mafuta.

Ama katika kutafuta spea, hapo ndipo kabureta inapodhihirisha kwamba ni rafiki wa ujamaa na udugu. Land Rover ya injini ya cc 2,286 ilianza na Solex, na katika miaka ya 1960 ikapewa Zenith 36IV, na tangu hapo kila mwenye nayo amekuwa msafiri. Mwenye gari jipya huingia dukani akatoka na kitu. Mwenye Zenith hutoka na marafiki. Nenda Gerezani, Dar es Salaam, ukaulizie jeti: kijana atakutazama kwa huruma, atamwita mzee aliyeketi nyuma, na mzee atakuuliza injini, mwaka, na kwenu wapi, ndipo atoe kopo la maziwa lililojaa jeti, sindano na skrubu za kabureta zilizokwisha kufa, ambamo kila kitu kinakaribia kufaa na hakuna kinachofaa. Hapo utaelekezwa Shauri Moyo. Shauri Moyo watakuelekeza kwa bwana mmoja wa Morogoro mwenye gari bovu chini ya mwembe. Na bwana huyo, baada ya kukukaribisha chai na kukujulia hali za wazee wako, atakwambia kwamba kabureta yake aliiuza zamani, kwa mzee mmoja wa Gerezani. Wapo watakaokushawishi uitupe Zenith ufunge Weber mpya, na ni kweli kwamba Weber huwaka alfajiri kwa ufunguo mmoja. Lakini mtu ambaye gari lake huwaka kila alfajiri ana mazungumzo gani na jirani zake?

Na spea ikipatikana, ibada haijaisha. Kifuniko cha juu cha Zenith hupinda kwa joto la miaka na kwa mikono ya mafundi wenye nguvu kuliko maarifa, na kikisha kupinda petroli hupita ilikokatazwa, injini ikalewa. Dawa yake ni kulaza msasa juu ya kioo na kukisugua kifuniko taratibu mpaka kikae sawasawa, kisha kubadili gasketi pamoja na pete ndogo ya mpira iliyojificha ndani, ambayo kwa udogo wake huanguka mchangani na kwa uadimu wake humfanya mtu mzima mwenye cheo apige magoti mbele ya watoto. Ndipo kuseti: injini ipate moto, choki irudi yote, skrubu ya mchanganyiko ifungwe mpaka iguse tu, wala isikazwe, maana ncha yake ikiumia hakuna toba, ifunguliwe mzunguko mmoja na nusu, na baada ya hapo hakuna kitabu, ni sikio. Fundi mmoja aliyenikuta nikiharakisha aliniondolea bisibisi mkononi akasema, “Mzee, hii haisetiwi, hii hubembelezwa.”

Mahasidi wake hawakosekani. Sheria za moshi zilizoyabana magari mapya ya Ulaya mwaka 1993 ziliitoa mlangoni, na hata Wamarekani wa daraja la juu la mashindano ya NASCAR, walioistahi mpaka msimu wa 2011, hatimaye walimwachia kompyuta cheo chake. Kompyuta ina adabu, sikatai: haivuji, hailewi, haibagui mlima na pwani. Lakini ikikasirika huwasha taa ya njano ikanyamaza, na fundi asiye na mashine ya kuisoma hana la kufanya ila kutazama taa hiyo pamoja nawe. Kabureta, kinyume chake, imehamia kwa wanyonge. Bodaboda nyingi zipitazo mlangoni pako bado zinaendeshwa nayo, na kijana anayeifungua kando ya barabara, akapuliza jeti kwa kinywa chake na kuondoka, hajui kwamba amefanya jambo ambalo mwenye gari la fahari hawezi tena.

Nawe msomaji, kama una Zenith 36IV iliyolala stoo, na kifuniko chake hakijapinda, nakusihi usimwonyeshe mtu yeyote kabla yangu. Nitakuja na fedha taslimu, na kipande cha kioo cha kupimia.