Muulize Shangazi: Nguo, Mechi na Muvi Siku Moja

*Shikamoo Shangazi. Jumamosi nina mabeseni mawili ya nguo, washkaji wanakuja geto kuangalia mechi, na mchumba anataka tuangalie muvi. Juu ya hayo, jezi yangu ya Simba imeanza kubanduka namba. Nifanyeje? – Mtumwa wa Wikiendi, Sinza*

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma kwa miwani niliyonunuliwa na mtu ambaye ndoa yake niliiokoa kwa sentensi moja. Sentensi yenyewe siitoi bure.

Umeanza na nguo, mimi naanza na muvi, maana huko sina mpinzani. Nyie mnaangalia kwenye laptopu iliyoegemezwa ndoo ya mchele. Sisi tulikuwa na Drive-In ya Msasani: magari yamepangwa safu, pikapu imejaa ukoo mzima, sufuria ya pilau katikati. Leo pale upo ubalozi wa Marekani, na kuingia lazima uwe na miadi. Enzi zetu ilitosha tiketi, na binamu mmoja kujikunja kwenye buti. Ilipokuja Sholay, ile ya mwaka 1975 yenye zaidi ya saa tatu, mimi ndiye niliyewatafsiria kina mama wa safu yangu. Kihindi sikukijua, lakini hilo halikunizuia. Niliwaambia mapema kwamba Amitabh Bachchan atakufa, na akafa kweli. Safu nzima ikalia, na wawili wakataka kunipiga. Baadaye akaja Lufufu kutia Kiswahili kwenye muvi za mabanda ya video, nchi ikamshangilia. Mimi nikanyamaza. Mwanzilishi hajitangazi, ndiyo maana nalitaja hili kwa kifupi tu.

Sasa mpira. Mimi sina timu. Mshauri mwenye timu hupoteza nusu ya wateja. Nasema historia tu: Yanga ilianzishwa 1935, Simba 1936, na mdogo kumheshimu mkubwa ni malezi. Tarehe 5 Novemba 2023 Yanga iliifunga Simba 5-1. Siku hiyo nilivaa kitenge cha kijani na njano kwa sababu vingine vyote vilikuwa kwenye maji. Naambiwa pia kwamba tarehe 6 Mei 2012 Simba ilishinda 5-0. Siwezi kuthibitisha. Redio yangu iliisha betri dakika ya kwanza, na mpaka leo sijapita dukani.

Hata hivyo tabibu hachagui mgonjwa. Hiyo jezi igeuze, ndani iwe nje, kisha uiloweke kwenye maji baridi na sabuni kidogo. Brashi isiguse namba. Usiinyonge kama kuku wa Idi; ikamue taratibu, uianike kivulini. Pasi usiipitishe kabisa juu ya maandishi, kwa kuwa namba nyingi za jezi hubandikwa kwa joto na kwa joto hubanduka. Tena ifue peke yake. Ikichuja kwenye mashati yako meupe, Jumatatu utaingia ofisini umevaa pinki, na sitaki jina langu litajwe. Jiki isikaribie jezi, wala usichanganye Jiki na siki au ndimu kwa uroho wa weupe: mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, na gesi hiyo huchoma mapafu. Kuna bwana mmoja alinibishia hili, akaniletea mtaalamu wa kemia. Mtaalamu alinisikiliza, akanipa shikamoo.

Washkaji wasiingie bure. Kiingilio ni nguo moja kwa kila kichwa: huyu shuka, yule suruali ya jinsi, na anayekuja bila hata soda apewe blanketi. Mapumziko ya mechi ni dakika 15, zinatosha kusuuza beseni zima kama hakuna anayemjadili refa. Timu ikifungwa, shabiki wake apewe makola na soksi hapo hapo kabla hajapoa. Hasira za kufungwa husugua kola kuliko brashi yoyote iliyowahi kuuzwa Kariakoo. Ubishi wa ofsaidi ukizidi, nipigieni; VAR ni mimi. Mchumba akae kwenye kiti karibu na kamba ya kuanikia, awe kamisaa wa mchezo, aandike nani kaanika vibaya. Shuka jeupe likikauka litundikeni ukutani, azimeni projekta ya kwaya, muvi ianze. Mkikosa mtafsiri, simu yangu iko wazi, na Kihindi bado sikijui.

Mhariri ananiambia nafasi inaisha, jambo la ajabu kumwambia mtu wa kiwango changu. Basi: loweka Ijumaa usiku, anza kufua Jumamosi asubuhi, mechi jioni, muvi usiku, na muvi achague mchumba. Umepona.

*Shangazi, mume wangu kila Jumapili anaenda "kunyoosha miguu", anarudi saa nne usiku. Nimfanyeje? – Mwenye Mashaka, Mbagala*

Akitoka, mpe madumu mawili matupu ya lita ishirini, ayarudishe yamejaa. Miguu itanyooka na maji yatakuwepo.

Wengine andikeni mapema, na kila mmoja ataje timu yake. Sibagui, napanga foleni tu.