Klipu ya Rejeta na Heshima ya Mshenga

Mpira wa juu wa rejeta katika Hiace kuukuu una desturi ya kupasuka mbele ya watu wa heshima. Jumamosi iliyopita ulipasuka kwenye kona za mlima wa kutoka Mombo kwenda Lushoto, gari likiwa limebeba posa: wazee wa upande wa mwanamume, mashangazi, kreti za soda na mshenga. Mshenga, kwa cheo chake, alipewa kiti cha mbele. Sasa, Hiace za toleo lililoanza mwaka 1989 zimefichiwa injini chini ya viti vya mbele, kwa hiyo anayeheshimiwa kuliko wote ndiye anayekalishwa juu ya jiko. Mvuke ulipenya pembeni mwa kiti ukaingia ndani ya kanzu, na mshenga, aliyekuwa akirudiarudia kimoyomoyo maneno ya kuwaomba wakwe, akayapata mengine kabisa.

Injini haiguswi mpaka kiti kiinuliwe, na kiti hakiinuliwi mpaka mwenye kiti ashuke. Akasimamishwa kando ya barabara, kanzu imelowa mahali ambapo hapaelezeki kwa wapita njia, huku Coaster zikipita na abiria wake wakichungulia. Chupa zote za maji ya kunywa zikamiminwa kwenye rejeta, hazikutosha. Utingo akazikodolea macho kreti za soda. Shangazi mmoja akasema, “Thubutu!”

Mpira huo wa juu hubeba maji ya moto kutoka kwenye injini kwenda kwenye rejeta. Wa chini huyarudisha yakiwa yamepoa hadi kwenye pampu. Kinachoupasua ule wa juu ni presha kuliko joto. Mfuniko wa rejeta umetengenezwa makusudi uzuie mvuke kutoka, kwa sababu maji yaliyobanwa huchelewa kuchemka: mfuniko wa presha ya baa 0.9 huyawezesha kufika karibu nyuzi 118 yangali maji. Huko Lushoto, kwenye mita 1,400 hivi juu ya bahari, sufuria ya chai huchemka kwenye nyuzi 95 tu. Klipu moja ya kubana mpira ikilegea, presha inatoka, na maji yaliyokuwa yametulia yanachemka yote kwa pamoja. La ajabu zaidi ni geji. Kihisi chake husoma joto la maji yanayokizunguka. Maji yakiisha, sindano inaweza hata kushuka, na dereva akaongeza gia kwa furaha wakati gasketi ya silinda hedi inaungua.

Mipira hii huanza kuoza ndani, ndiyo maana kuiangalia kwa macho hakusaidii sana. Maji ya rejeta, chuma na mpira wenyewe hufanya kazi ya betri dhaifu, na umeme huo mdogo huchora nyufa nyembamba zinazopanda mpaka kwenye nyuzi zilizofumwa katikati ya mpira. Ubovu hupenda kuanzia karibu na ncha. Kwa hiyo gari likiwa limepoa, mpira hubanwa kwa vidole jirani na klipu, si katikati: mzima hurudi mara moja, mbovu una bonde ambalo kidole gumba hulisikia. Ulioingiwa na oili huvimba na kulainika, huo haungojewi.

Klipu ya skrubu, yenye ukanda uliotobolewa na skrubu inayokamata matundu yake, ilipewa hataza mwaka 1921 kwa jina la Lumley Robinson, aliyekuwa ofisa wa jeshi la majini la Uingereza. Ni kitu cha werevu mtupu: bisibisi huzungushwa kidogo kidogo, na ukanda unabana mduara mzima. Kasoro yake ni kwamba haijui kulegea wala kujikaza, ilhali mpira hunywea asubuhi na kutanuka mchana. Klipu ya springi iliyotoka kiwandani hulifanya hilo yenyewe, lakini fundi huitupa siku ya kwanza. Waya wa kufungia, ambao ndio uliokuwa kwenye gari la posa, hukata mpira taratibu na bila kosa hata moja.

Na waya haukujifunga. Klipu ni miongoni mwa vitu rahisi kabisa katika duka la spea, lakini tajiri mwenye gari akiombwa hela yake hujibu kwamba gari si linatembea? Jioni hesabu anaitaka kamili, mlima au tambarare. Dereva hununua kwa mfuko wake au hafungi kitu, na likichemka ni yeye anayetukanwa na ukoo mzima wa watu. Hakuna kichekesho hapo.

Kubadilisha kwenyewe ni kazi fupi. Mpira wa zamani huchanwa kwa urefu, usinyongwe ukavunja shingo ya rejeta. Shingo husuguliwa kutu. Mpya hulainishwa kwa maji ya sabuni, kamwe si kwa grisi. Klipu hukaa nyuma ya ukingo wa shingo, ikazwe tena baada ya safari ya kwanza, injini ikishapoa. Mpira wa chini unyonywao na pampu hujikunja gari likikimbia na kunyooka likisimama, hivyo gerejini tatizo halionekani na lawama humwendea dereva. Mipira ya hita, kwa kawaida, imeshakatwa na kuzibwa kwa bolti na mmiliki aliyetangulia.