Koko na Stima ya Watu Wanne

Kazi ya kudhibiti stima katika boma letu ilimwangukia mama mkwe bila tangazo wala mahojiano. Tunamwita Koko, kama wajukuu wanavyomwita. Alichokozwa na swali dogo tu: kinyozi alipe ngapi?

Tunaishi Isinya, upande ambao ukisimama mlangoni unaona minara ya chuma imepanga foleni mpaka macho yachoke. Kituo kikubwa cha hapa hupokea laini ya kilovolti 400 kutoka Mombasa. Laini nyingine inaelekea Suswa, na nyingine inavuka mpaka kwenda Singida, Tanzania, zaidi ya kilomita 500. Hata upepo wa Kipeto, mitambo yake 60 yenye uwezo wa megawati 100, huleta umeme wake papa hapa. Koko husema umeme wa nchi nzima unatupita vichwani kama wageni wa harusi ya jirani. Na chini ya harusi hiyo, mwalimu, kinyozi na mama muuza maziwa wa ng'ambo ya korongo walikuwa wakiwasha koroboi.

Mzee wangu ni mtu asiyeweza kuona shida ya jirani bila kuona na kafaida kaliko ndani yake. Akasema sisi tuna mita, wao wana giza, kati yetu kunakosekana waya tu. Nilimkumbusha kwamba kuuza umeme Kenya ni kazi ya leseni; Sheria ya Kawi ya 2019 inasema hivyo, na anayetoa leseni ni Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, EPRA. Akanijibu kwamba yeye hauzi, anasaidia. Wiki iyo hiyo akanunua daftari la kuandika madeni ya msaada.

Waya ulivutwa na shemeji, mdogo wake anayeishi Kitengela. Shemeji alijifunza ufundi wa stima kwa kumshikia tochi fundi mwingine. EPRA huwapa mafundi leseni kwa madaraja, kila daraja na ukubwa wa kazi yake, na hata la chini kabisa, la nyumba ndogo kama yetu, lina mtihani wake. Shemeji alipoulizwa leseni yake alitoa ya kuendesha gari. Akapitisha waya juu ya zizi la mbuzi, akaufunga kwenye matawi ya mgunga, na kila maungio akayavisha karatasi ya nailoni. Kwa mwalimu na mama maziwa akaacha mita ndogo. Kwa kinyozi mita zilikuwa zimekwisha, tukakubaliana kukadiria.

Hapo ndipo utawala wa Koko ulipoanza. Kinyozi alitaka alipe kwa kichwa, yaani siku asiponyoa asilipe. Mwalimu alisema hiyo ni dhuluma, maana redio ya kinyozi hailali hata kama wateja hawaji. Mama maziwa alisema lolote, ila yeye atalipa kwa maziwa. Koko aliketi kwenye kigoda nje ya jiko akawasikiliza wote, mmoja mmoja, bila kumruhusu yeyote aondoke kabla ya mwingine kumaliza. Mzee alipotaka kukata maneno kwa kutaja bei yake, Koko alimwambia: "Wewe ndiye muuzaji. Muuzaji hajipangii bei."

Sijui alilitoa wapi, ila jambo hilo ndilo lililofanya nchi iwe na mdhibiti. Sheria ya 1997 iliunda bodi ya umeme, ya 2006 ikaleta tume ya kawi, ya 2019 ikaleta EPRA, na katika safari yote hiyo hoja haikubadilika: mwenye waya unaoingia nyumbani kwako hana mshindani, kwa hiyo akitaka kupandisha bei lazima apeleke hesabu zake kwa mtu wa tatu, na wananchi wapewe nafasi ya kusema. Koko alimtaka mwanawe alete risiti. Mzee akaleta simu. Nikaombwa niusome ujumbe wa tokeni: hizi ni yuniti, hii ni pesa iliyonunua umeme wenyewe, hii ni "nyinginezo". Koko akadai nyinginezo zifunguliwe. Gharama ya mafuta ya kuzalishia umeme, mabadiliko ya thamani ya shilingi, mfumuko wa bei, tozo ya umeme wa vijijini, tozo ya maji, VAT, na senti kidogo za mdhibiti mwenyewe.

"Kumbe mdhibiti naye hula," akasema Koko. Kuanzia siku hiyo chupa moja ya maziwa ya mama maziwa iliishia kwake.

Mambo yalikwenda vizuri kwa muda. Kisha tokeni ya shilingi mia tano ikaanza kuleta yuniti chache kuliko zamani. Mzee akamshuku mwalimu, mwalimu akamshuku kinyozi, kinyozi akashuku mashine ya kuangulia vifaranga, ambayo ni ya Koko na ilikuwa hailipiwi na mtu. (Udhaifu huu wa utawala ulitajwa kwa sauti ya chini sana.)

Mwizi hakuwepo. Kwa bei zilizoanza Aprili 2023, nyumba isiyozidi yuniti 30 kwa mwezi hulipa bei nafuu zaidi, inayofika 100 hulipa ya kati, na inayozidi hapo hulipa ya juu. Kabla ya hapo unafuu ulikuwa unafika yuniti 100. Matumizi hupimwa kwa wastani wa miezi mitatu, ndiyo maana adhabu ilichelewa kufika. Peke yetu tulikuwa watu wa thelathini. Mwalimu peke yake angekuwa wa thelathini, kinyozi vilevile, mama maziwa ndiyo kabisa, bulbu mbili na simu. Lakini mita haijui majirani. Iliona nyumba moja inayokula kupita mia, ikatuweka na wenye friji tatu na maji moto bombani. Masikini wanne walikuwa wameungana wakawa tajiri mmoja, na unafuu waliotengewa ukawapita wote.

Koko alipoelezwa alikaa kimya, akatoa uamuzi: waya ukatwe, kila mtu akaombe mita yake. Mwalimu hakuridhika. Kitaifa, asiyeridhika na uamuzi wa mdhibiti hupeleka rufaa kwenye baraza maalumu la kawi na petroli. Kwetu alipeleka kwa baba mkwe, ambaye alimpa mwalimu nafasi hadi mwisho wa muhula. Baba mkwe alikunywa chai ya rangi wiki nzima.

Rufaa hiyo haikudumu. Jumapili usiku mwalimu alipiga pasi mashati ya shule huku kinyozi akimalizia wateja wa mwisho, na mashine ya vifaranga ikiwa inaendelea. Maungio ya juu ya zizi yalianza kutoa cheche, nailoni ikadondoka ikiwaka, mbuzi wakavunja lango. Mzee alizima swichi kubwa kwa fimbo. Tuliwatafuta mbuzi mpaka karibu na barabara ya Namanga, na vifaranga tulilala nao jikoni.

Asubuhi mzee alitangaza kwamba amechoka na mambo ya udhibiti, atanunua jenereta. Nilimuuliza nani hutangaza bei ya petroli tarehe 14 ya kila mwezi. Akarudi kitandani.

Fundi aliyekuja kututengenezea Koko alimsimamisha langoni akasoma leseni yake, jina, daraja na tarehe ya kumalizika, kisha akaigeuza nyuma kuona kama kuna kitu kimefichwa. Mwalimu na mama maziwa sasa wana mita zao. Kinyozi ameomba yake, anangoja, na lile deni lake lisilo na mita Koko aliligeuza vichwa: anamnyoa mzee na wavulana bure mpaka liishe. Mwezi uliopita alijaribu kudai kwamba kunyoa kumepanda, kwa hiyo deni limeisha mapema. Koko alimtuma akalete hesabu zake, na akamwambia aje na wateja wawili watoe maoni.