Asifiwe chain, Mvivu wa Python

Waliozoea kusifu husifu wakubwa: hifadhidata zinazobeba mabilioni ya rekodi, mitambo inayojibu kabla hujamaliza kuuliza. Mimi namsifu mdogo anayelaaniwa na kila aliyewahi kumtumia mara mbili. Jina lake ni chain, mkazi wa moduli ya itertools katika lugha ya Python tangu toleo la 2.3 la mwaka 2003. Ana kazi moja tu. Mpe orodha kadhaa, atakutolea vya kwanza mpaka viishe, kisha vya pili, kisha vya tatu. Basi.

Mtazame akiwa kazini. Gazeti lina tovuti iliyojengwa kwa Django, na mhariri anataka ukurasa wa mbele uonyeshe habari, picha na matukio kwa mfululizo. Kila kimoja kina jedwali lake, kwa hiyo hifadhidata itaulizwa maswali matatu. Developa anaandika chain(habari, picha, matukio), anavipitisha vyote kwenye kitanzi kimoja, na ukurasa unajaa. Mhariri anapongeza, developa anakwenda kula.

Sifa yake ya kwanza ni uvivu. Hagusi kitu mpaka aombwe. Ukitaka kumi za mwanzo na habari zikatosha, hifadhidata haitaulizwa lolote kuhusu picha wala matukio. Wahenga walionya: usimwamshe aliyelala, utalala wewe. Mahasidi watakwambia kwamba Django, ikishaombwa habari moja, huzibeba zote hadi kwenye kumbukumbu, hata zikiwa elfu arobaini. Ni kweli, lakini wa kulaumiwa ni mtumwa mwenye bidii. Mvivu wetu aliomba moja moja.

Ya pili, habagui. Mlinganishe na union, jamaa yake wa SQL aliyefunguliwa mlango na Django katika toleo la 1.11, mwaka 2017. Huyo ana masharti: safuwima zenu ziwe idadi moja, aina zake zioane, na wanaofanana abaki mmoja, isipokuwa umwambie awaache. Akishaunganisha, jaribu kuchuja kwa filter uone Django itakavyokukatalia. chain haulizi mtu ukoo. Habari yenye kichwa, picha isiyo nacho, tukio lenye ukumbi, wote karibu. Kiolezo kikitafuta kichwa cha picha kikaacha pengo jeupe, hayo si yake.

Ya tatu, ana msimamo. Habari ya mwaka 2016 itatangulia picha iliyopigwa asubuhi ya leo kwa sababu habari zilitajwa mwanzo. Hapokei rushwa ya upya.

Ya nne, hana tamaa ya hesabu. Muulize urefu wake kwa len, utajibiwa TypeError. Muulize wa tano ni nani, kosa ni lilelile. Ndiyo maana kigawa kurasa cha Django hakielewani naye: kinataka jumla, naye hajawahi kujumlisha.

Ya tano ndiyo kilele: harudii neno. Weka kitanzi kimoja kwa menyu ya simu na kingine kwa jedwali la kompyuta. Menyu itajaa, jedwali litabaki tupu. Hakuna kosa jekundu wala onyo kwenye logi. Ni kama mgawa pilau harusini: sahani yako ulishapewa, usirudi kwenye foleni. Developa atakesha akikagua ruhusa, akiba ya kurasa na CSS, mpaka amfungie ndani ya list(). Tangu hapo atahesabika na kurudiwa atakavyo mtu, lakini atakuwa orodha kama orodha nyingine, iliyojitandaza kwenye kumbukumbu.

Wapinzani wanayo dawa: panga vyote kwa tarehe, yaishe. Tarehe ipi? Habari ina tarehe ya kuchapishwa. Picha ina ya kupigwa na ya kupakiwa. Tukio lina ya kutangazwa na ya kufanyika, na ukiifuata hii ya mwisho, tamasha la mwezi ujao litakaa juu ya kila habari mpaka lipite. Ukimkimbilia union mambo ni yaleyale, kwa sababu lazima umwambie safuwima ipi ya picha isimame mahali pa kichwa cha habari. Hayo ni ya mhariri, mpiga picha na mtu wa masoko kukaa wakakubaliana, na Python haina moduli ya kupatanisha watu. chain ndiye anayeuruhusu ukurasa kwenda hewani kabla hawajakaa.

Kikao kimeahirishwa tena. Ukurasa unafunguka.