Supu ya Viazi na Liki kwa Mpishi Mvivu

Unataka wageni waamini umeshinda jikoni tangu alfajiri, na papo hapo unataka kulala hadi saa tano. Yote mawili utayapata. Sijui chakula kinachomvumilia mvivu kuliko supu hii.

1. Nunua viazi vinavyopondeka, nusu kilo hivi kwa watu wanne, na liki tatu nono. Ukiwa Kenya omba Shangi. Huiva upesi na kurojeka vizuri.

2. Hapa tu usidanganye. Mkulima huifukia liki shina kwa udongo ili liwe jeupe, na udongo huo hujificha katikati ya majani. Ipasue kwa urefu, fungua kila tabaka, osha mara mbili. Mgeni atasamehe chumvi kidogo. Mchanga menoni hausamehewi.

3. Katakata liki, tia sufuriani pamoja na vijiko viwili vikubwa vya siagi na chumvi, funika, punguza moto. Dakika 10 hivi zilainike bila kuungua. Pigia hesabu harufu hiyo ianze wageni wanapobisha hodi. Nusu ya sifa utapewa mlangoni.

4. Tia viazi ulivyokata vidogo vidogo, vikubwa vitakuchelewesha. Mimina lita moja ya maji, uache vitokote kama dakika 20. Naam, maji matupu. Julia Child, aliyewafundisha Wamarekani upishi wa Kifaransa, ameiweka supu hii mwanzo kabisa wa kitabu alichotoa na wenzake mwaka 1961, na anatumia maji na chumvi tu.

Mgeni aliyezoea supu ya mifupa atauliza nyama iko wapi. Mtajie jina la Kifaransa, polepole: potage Parmentier. Kisha msimulie habari za Antoine-Augustin Parmentier, mfamasia aliyelishwa viazi akiwa mateka wa vita Prussia, akarudi Ufaransa na kuwakuta wenzake wanavidharau kama chakula cha mifugo. Inasimuliwa kwamba alipanda shamba la viazi karibu na Paris, akaweka askari walilinde mchana na kuwaondoa usiku. Watu wakaona kinacholindwa hivyo lazima kina thamani, wakaja kuiba. Kwa hiyo usione haya: ujanja umo ndani ya supu hii tangu zamani.

5. Ponda kwa mwiko humo humo sufuriani. Blenda iache kabatini. Viazi vikisagwa kwa kasi hutoa wanga na supu ikavutika kama gundi. Mabonge yakibaki, sema umeipika kienyeji.

6. Imeshika chini? Usikwangue! Ihamishie sufuria nyingine kabla mtu hajaingia jikoni. Chumvi imezidi? Ongeza maji na maziwa.

7. Epua, koroga krimu kidogo, nyunyiza pilipili manga. Wakikuuliza umepika kwa muda gani, jipanguse uso useme, “Karibuni, isije ikapoa.”

Itakayobaki iongeze maziwa, uilaze kwenye friji. Kesho iandae baridi uiite vichyssoise. Ndivyo alivyofanya Louis Diat, mpishi wa hoteli ya Ritz-Carlton mjini New York, na matajiri walimlipa.