Sifa za Sungura Asiye na Kizimba

Wapo watu hapa kwenye mpaka wa Rusizi I, upande wa Kamembe nchini Rwanda, wanaofuga sungura katika vibanda vya mbao nyuma ya nyumba, wanawalisha majani ya viazi vitamu mpaka wanenepe, na siku ya wageni wanawaita kitoweo. Hao wana hesabu zao. Mimi namtetea yule aliyefunguliwa mlango siku moja, akaingia sebuleni na kukataa kutoka. Sijaona kiumbe anayesingiziwa kama huyo.

Nianze na uraia wake. Sisi wa ukingo wa mto Rusizi hatupigi hatua bila karatasi. Kutoka hapa hadi Bukavu, upande wa Kongo, ni daraja tu, lakini ukitaka kumjulia hali shangazi yako unapanga foleni, unaonyesha kitambulisho au karatasi ya kusafiria ya CEPGL, jumuiya ya nchi za Maziwa Makuu, na mzigo wako unafunguliwa. Sungura haulizwi. Amefuta mpaka kati ya jiko na chumba cha kulala, kati ya kitanda cha watoto na gunia la maharagwe, bila kikao hata kimoja cha mawaziri. Na forodha anaijua vizuri: ana tezi chini ya kidevu, hivyo kila kiingiacho ndani, iwe ndoo au kiatu cha mgeni, hukisugua kwa kidevu na kukiachia harufu yake. Mzigo umeshapigwa muhuri. Ushuru atautoza usiku, kwa meno.

Meno yenyewe hayaachi kukua maisha yake yote. Yale ya mbele hufikia takriban sentimita 10 kwa mwaka, na asiyetafuna huumia. Wenye chuki husema anaharibu. Mimi naona mgonjwa anayefuata matibabu kwa bidii: asubuhi ufagio, mchana pindo la kitenge, jioni daftari la hesabu, ambalo mwenyewe hakulilia. Kitindamlo ni waya wa chaja. Hebu fikiria: mto wetu umezibwa tangu mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya mtambo wa Rusizi I, ukaongezewa Rusizi II mwaka 1989, mali ya nchi tatu. Wahandisi wamehangaika, nguzo zimepanda milima, umeme umefika salama hadi pembeni ya kochi, halafu mnyama wa kilo mbili anamaliza kazi yote kwa kuuma mara moja. (Siku hizi chaja tunazitundika ukutani, juu kabisa, kwa usalama wake kuliko wetu.)

Kuhusu usafi, Rwanda nzima hutoka kwenda kwenye umuganda, kazi ya pamoja ya jamii, Jumamosi ya mwisho ya mwezi. Kwangu umuganda ni kila asubuhi. Huyu bwana huangusha vidonge zaidi ya 200 kwa siku, vikavu, vya mviringo, na hapendelei chumba chochote. Migomba ya nyuma ya nyumba haijawahi kulalamika. Kuna aina nyingine, laini, itokayo zaidi usiku. Hiyo haoni sababu ya kuipoteza. Huinama akaila palepale, apate vitamini na protini ambazo tumbo halikuzifaidi mara ya kwanza. Waziri gani wa fedha amewahi kubana matumizi kiasi hicho?

Paka naye anasifiwa, ila muulizeni aliyeanika sambaza. Sungura hupita kando ya samaki hao kana kwamba ni kokoto.

Katika hadithi za Wanyarwanda, sungura Bakame huishi kwa hila, leo akimdanganya fisi, kesho simba. Wa kwetu hana haja ya hila, maana kila mtu ameshampisha. Akihisi hatari hugonga sakafu kwa mguu wa nyuma, pu!, nyumba nzima ikaamka saa nane za usiku, tukawasha tochi na kukuta mjusi. Mlinzi wa kulipwa angekuwa amelala.

Limebaki shitaka moja, la sufuria. Kila mgeni huuliza atachinjwa lini. Jirani yetu Msabato peke yake haulizi, kwa sababu Mambo ya Walawi 11 yanamkataza nyama hiyo, na nadhani ndiyo maana viatu vyake tu havijawahi kutafunwa. Wengine nawajibu kwa moyo mweupe: mchukueni leo hii, bure kabisa. Sharti ni moja, mumtoe wenyewe chini ya kabati.