Ekstensheni ya Roboti Tu

Watu wakisikia kuwa mimi ni katibu wa kamati ya mashindano ya roboti ya shule za sekondari, hudhani najua kuunda roboti. Sijui. Ninachojua ni wapi panakodishwa viti vya plastiki, sufuria moja la pilau linashibisha vijana wangapi, na namna ya kumweleza mgeni rasmi, kwa heshima zote, kwamba kile alichokikanyaga si zulia bali ni uwanja wa mashindano.

Kwa wenzetu mambo haya yana mizizi. Mmarekani Dean Kamen alianzisha shirika la FIRST mwaka 1989 ili vijana waipende sayansi, na kufikia 2017 timu za nchi zaidi ya 150 zilikutana Washington, kila nchi na roboti yake. Katika ligi yao ya LEGO, pambano moja ni dakika mbili na nusu. Kamati yetu iliposoma hapo ilichangamka. Dakika mbili na nusu! Tukianza saa tatu asubuhi, saa sita tumemaliza, saa saba watu wanakula. Hesabu ilikuwa safi kabisa, isipokuwa risala haikuwemo.

Tukaanza na meza. Uwanja wa ligi hiyo ni turubai lenye urefu wa sentimita 236 hivi na upana wa 114, kwa hiyo plaiwudi ya futi nane kwa nne inatosha na chenji inabaki. Fundi seremala wetu hakutaka utani na kazi ya serikali, ingawa tulimwambia si ya serikali. Akaweka miguu ya mbao nene, akaipigilia misumari ya kufa na kuzikana, akapaka vanishi. Ilipofika ukumbini ikagoma mlangoni. Fundi akaitazama meza, akautazama mlango, akauliza ni nani aliyejenga ukumbi ule. Miguu ikakatwa. Majaji wakashinda wamepiga magoti, na wazazi waliochelewa wakavua kofia wakidhani bado tuko kwenye sala ya ufunguzi.

Roboti zilifika mapema. Hili nalisema bila kumpendelea mtu: siku ile nzima, roboti ndizo pekee zilizofuata ratiba. Mjumbe mmoja akashauri zipangwe mlangoni, zimewashwa, taa zinamemeteka, zimlaki mgeni rasmi wa saa tatu. Mgeni rasmi wa saa tatu aliingia saa tano. Kwa wakati huo taa zilikuwa zimefifia, na nyingine zilikuwa zimelala kabisa. Mheshimiwa akauliza kama zimechoka. Hakuwa mbali na ukweli.

Basi ikawa vita ya kuchaji. Tulikuwa na ekstensheni moja tuliyoiandikia kwa kalamu nzito: YA ROBOTI TU. Nilipokwenda kuikagua nilikuta simu za walimu zimejaa matundu yote, na tundu la mwisho lilikuwa na birika la mama wa chai. Nikamuonyesha maandishi. Akayasoma vizuri, kwa sauti, kisha akaniuliza, “Sasa mwanangu, hao roboti ndio watakaokunywa chai?” Birika lilipoanza kutokota, umeme wa ukumbi mzima ukakatika. Dijei akaleta jenereta lake, na tangu hapo akawa na usemi kuliko mwenyekiti.

Likafuata jambo la bluetooth. Roboti nyingi za shule zetu hutumia kifaa kidogo kiitwacho HC-05, na kikitoka dukani huwa na jina hilohilo na namba ya siri 1234. Walimu hufundisha kubadilisha jina kipindi cha mwisho cha muhula, kile kipindi ambacho hufanyika usafi wa mazingira. Kwa hiyo ukumbi ulikuwa umejaa kina HC-05. Binti mmoja alikuwa akibonyeza “mbele” kwenye simu hadi kidole kikamuuma, roboti yake haitikisiki, huku ya shule jirani ikipiga mbio kuelekea ukutani na wenyewe wakiikimbiza wakimtaja shetani.

Lakini lililotugawa kamati lilitokea kwenye shindano la kufuata mstari. Roboti ya aina hii humulika chini mwanga usioonekana: penye weupe mwanga unarudi, penye mstari mweusi haurudi, na hivyo ndivyo inavyojua njia. Ilikuwa inakwenda vizuri, kona moja, kona mbili, mpaka mpiga video alipoinama na ile taa yake ya maharusini. Kwa roboti, dunia nzima ikawa nyeupe. Ikanyoosha moja kwa moja, ikatoka kwenye bango letu lenye mstari, ikashukia vigae vyeupe vya ukumbi, na hapo ikakutana na waya wa spika ambao dijei alikuwa ameubandika sakafuni kwa tepu nyeusi.

Ikaufuata. Haikuyumba hata kidogo. Ikapita chini ya meza kuu, kati ya viatu vya Mheshimiwa, ikakizunguka chombo cha maua, ikasimama mbele ya spika. Ukumbi ulishangilia kuliko ulivyoshangilia hotuba.

Mwanafunzi wake akamjia jaji taratibu, mikono nyuma. “Shikamoo mwalimu. Samahani, kanuni inasema roboti ifuate mstari mweusi hadi mwisho. Haisemi mstari upi.” Jaji akafungua kanuni. Kweli haikusema. Wakajadiliana hadi pilau likapoa, wakampa kijana alama zote, na shule yake ikaondoka na kombe.

Kwa hiyo ninyi mnaopanga kuandaa ya kwenu, fundi mpeni vipimo vya mlango pamoja na vya meza. Na kwenye kanuni, kabla ya jambo lingine lolote, andikeni rangi ya tepu ya dijei.